Rangi za Kusini: tembea polepole Mtwara na Lindi, kisha pamba nyumba yako kwa pesa kidogo

Watu wengi wakitaka kupamba nyumba huanzia dukani. Husimama mbele ya kadi ya rangi, wakachagua kijiraba kimoja kilichowavutia chini ya taa nyeupe ya duka, na wiki mbili baadaye ukuta hauwapendezi wala hawajui kwa nini. Mimi nakushauri uanzie barabarani. Tenga siku tatu au nne, zunguka bila haraka kati ya Mtwara, Mikindani na Lindi, tazama rangi zinavyokaa pamoja chini ya jua letu, ndipo uende dukani ukijua unachokitafuta. Rangi iliyokupendeza kwenye ukuta wa mtu pale Mikindani imeshapigwa na jua, chumvi na mvua za huku. Ile ya kwenye kadi bado haijapita popote.

Hauhitaji pesa nyingi. Unahitaji nauli, daftari, na uvumilivu wa kukaa mahali pamoja nusu saa bila kuangalia simu.

Hatua ya 1: Chagua msimu na saa

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu, upepo wa kusi unavuma, barabara za vumbi zinapitika, na rangi ukutani hukauka vizuri. Kwa hiyo ukisafiri miezi hiyo unaweza kurudi na kupaka rangi msimu huohuo.

Ningeambiwa nichague mwezi mmoja tu, ningechagua Oktoba, kwa sababu ya mikorosho. Mabibo yanakuwa yameiva, na shamba moja utakuta lina mti wa mabibo mekundu na jirani yake wa mabibo ya njano. Omba ruhusa, okota moja lililoanguka, ulitazame kwa karibu. Si jekundu tupu. Huko juu kwenye kikonyo njano inapenya kidogo kwenye wekundu, katikati ngozi inang'aa, na chini kabisa, pale korosho yenyewe ilipojishikiza, kuna ganda la kijivu kinachoelekea kijani. Nyekundu nyingi, njano kidogo, kijivu kama tone. Ukiuhamishia mpangilio huo sebuleni bila kuuvuruga, umemaliza nusu ya kazi. Angalia tu nguo zako, maana maji ya bibo yakikauka kwenye kitambaa hayatoki, na mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi.

Kuhusu saa: toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, pumzika mchana, rudi tena kuanzia saa kumi jioni. Jua la saa sita huku hupiga kutoka juu, vivuli vinakuwa vifupi, na rangi zote zinaonekana zimepauka. Hata hivyo, siku moja toka makusudi saa saba mchana upitie kuta ulizozipenda asubuhi. Zile ambazo bado zinapendeza saa hiyo ndizo za kuandika kwanza.

Hatua ya 2: Andaa daftari la rangi

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kwa kila rangi inayokushika, andika mambo matatu: iko wapi, ni saa ngapi, na imekaa karibu na rangi gani. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo lenye maana kuliko yote. Ukiandika "bluu" peke yake, umepoteza wino. Ukiandika "bluu ya mlango, ukuta mweupe wa chokaa uliopauka, udongo mwekundu chini, saa moja asubuhi," umeandika chumba kizima.

Tumia majina tuliyonayo, yanabeba picha kuliko namba za kadi: damu ya mzee, bluu bahari, samawati, rangi ya maziwa, ugoro, jivu, hudhurungi, kijani cha jani la mgomba. Fundi na muuza duka wote watakuelewa.

Piga picha kwa simu, lakini usiiamini peke yake. Kamera ya simu hujirekebisha kulingana na mwanga, na ukuta uliokuwa wa rangi ya maziwa unaweza kutoka wa kijivu. Njia nzuri ni kuweka karatasi nyeupe ya daftari ndani ya picha, pembeni ya ukuta. Ukifika nyumbani, ukiona karatasi imegeuka njano au bluu kwenye picha, unajua na ukuta umegeuka vilevile.

Na kabla ya kupiga picha nyumba ya mtu, piga hodi, salimia, omba. Wengi watakukubalia, na baadhi watakueleza ukuta ulipakwa lini na nini kilichanganywa.

Hatua ya 3: Asubuhi nzima Mikindani

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10, na daladala zipo. Shuka, uanze kutembea kwa miguu. Huu ni mji wa zamani wa ghuba, wenye nyumba za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, milango ya nakshi, na mibuyu. Hapa ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 bado limesimama kwenye kilima. Panda hadi bomani, utazame mji kutoka juu: mabati yenye kutu, minazi, kuta nyeupe, maji ya ghuba. Kutu ya bati ni rangi nzuri mno, na pembeni ya kijani cha mnazi inaonekana kama imepangwa na mtu.

Ukishuka, sogea kwenye kuta. Chokaa ya zamani haina weupe mkali. Ina weupe wenye maziwa ndani yake, na pale ilipobanduka utaona tabaka za miaka: nyeupe, kisha samawati, kisha njano ya udongo. Simama hapo. Rangi hizo zimekaa pamoja kwa sababu zote zimepauka kwa kiasi kimoja, hakuna inayopiga kelele kuliko mwenzake. Hili ni jambo la kubeba: ukichanganya rangi nyingi nyumbani, zote ziwe nzito au zote ziwe nyepesi, kisha uruhusu moja tu iwe kali.

Tafuta pia wanawake wanaosuka ukili. Nilimkuta mmoja barazani kwake akishona mkeka, vipande vya ukili vya rangi nyekundu na kijani vimelala pajani, na kati ya kila nyekundu na kijani ameingiza ukanda mwembamba mweusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka."

"Asante, mama. Huu ukanda mweusi ni wa nini?"

"Nyekundu na kijani nikiziweka zenyewe zinagombana. Jicho linachoka. Nyeusi inazipatanisha."

Alichosema kina msingi. Rangi hubadilika machoni kutokana na jirani yake. Huko Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana zilikuwa dhaifu. Alipochunguza aliona nyeusi haina tatizo, tatizo ni bluu na zambarau zilizokuwa zimewekwa pembeni yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Nyekundu na kijani zikigusana kila moja huongeza ukali wa mwenzake, na ndiyo sababu ukanda mwembamba mweusi, mweupe au wa rangi ya asili ya mmea huleta utulivu. Nyumbani fanya hivyohivyo: kati ya pazia kijani na ukuta mwekundu acha kipande cheupe, hata kama ni fremu ya dirisha tu.

Kama mkeka umekupendeza, nunua hapohapo kwa mwenyewe aliyeusuka. Utalipa chini ya bei ya mjini, naye atapata zaidi ya anachopewa na mchuuzi.

Hatua ya 4: Bahari, kwa kipimo

Panda kivuko uende Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara, au kaa ufukweni Shangani. Mwenye muda na pesa za kiingilio aende Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Nenda mara mbili siku moja, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Maji yakijaa utaona bluu nzito. Yakikupwa, mchanga mweupe ulio chini unarudisha mwanga na maji yanageuka kijani chepesi, palipo na nyasi za baharini panakuwa na mabaka meusi. Makombe na matumbawe yaache yalipo.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akirudi kutoka baharini hutaka kupaka chumba kizima bluu bahari. Bahari inapendeza kwa sababu ni pana, iko mbali, na kando yake kuna mchanga mwingi mweupe na mbao zilizochakaa za ngalawa. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 bluu hiyo hukufuata mpaka kitandani. Chukua kiasi kilekile unachokiona kwenye chombo cha mvuvi: mstari ubavuni, jina, basi. Mlango, fremu ya dirisha au kigoda kimoja vinatosha.

Hatua ya 5: Lindi na njia yake

Kutoka Mtwara kwenda Lindi ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Ondoka mchana na uombe kiti cha dirishani upande wa kulia: jua litakuwa upande wa pili, na ukikaribia Lindi, baada ya njia panda ya Mnazi Mmoja inakochepuka barabara ya Masasi, ghuba itakuwa upande wako. Njiani hesabu rangi za udongo. Kuna mwekundu, kuna wa machungwa, kuna mchanga wa kijivu, na nyumba za fito zimesiribwa kwa udongo uleule wa mahali zilipojengwa, ndiyo maana hazipingani na mazingira hata kidogo. Nyingine zimepakwa udongo mweupe juu na mwekundu chini, mstari umepita kwenye usawa wa goti au kiuno. Kumbuka mstari huo, tutaurudia kwenye rangi ya nyumba.

Lindi ni mji wa kuamka mapema. Jua hutokea upande wa bahari, na kwa muda mfupi maji ya ghuba, pale Mto Lukuledi unapoingia, yanakuwa ya fedha na waridi kwa pamoja. Vuka kwa boti kwenda Kitunda, ukae chini ya minazi uutazame mji kutoka ng'ambo. Kama unapita karibu na mashamba ya chumvi ya ukanda huu, simama. Maji yaliyokolea chumvi mara nyingine huwa na waridi hafifu, kwa sababu ya viumbe wadogo sana wanaoishi kwenye maji hayo. Waridi ile, nyeupe ya chumvi na kijivu cha tope ni rangi tatu ninazozipenda kwa chumba cha kulala kuliko zote nilizoziona Kusini. Zinatuliza, na hazichoshi macho.

Mwenye siku za ziada anaweza kupanda Newala, asimame Shimo la Mungu atazame bonde la Ruvuma, au aende kaskazini hadi magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Lakini ukiongeza vituo vingi, daftari linajaa majina na jicho halibaki na kitu.

Hatua ya 6: Chuja hadi rangi tatu

Ukirudi nyumbani usifungue daftari kwa siku mbili. Kisha kaa na mwenzako au watoto, uwasomee, na mchague ukurasa mmoja. Sio rangi moja kutoka kila ukurasa. Ukurasa mmoja, pamoja na majirani zake.

Gawa hivi: katika sehemu kumi za chumba, sita ziwe za rangi tulivu (kuta, dari), tatu za rangi ya pili (mkeka, pazia, shuka), moja ya rangi kali (mto, kigoda, fremu). Kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayopewa maharusi, ni mfano mzuri wa kutazama: rangi ni tatu tu, moja inatawala, nyingine zinaitumikia, na haijawahi kupitwa na wakati.

Kabla hujaamua, hesabu vitu ambavyo huwezi kuvibadilisha. Chumbani, mara nyingi kitu kikubwa chenye rangi kuliko vyote ni chandarua. Kama chandarua chako ni cha bluu, hiyo tayari ni rangi yako ya pili, na mpango wowote usiohesabu chandarua utavurugika jioni kikishushwa. Hesabu pia sakafu. Sakafu nyekundu ya oksaidi (unga wa rangi unaochanganywa na saruji) ni hazina, usiifunike kwa plastiki yenye maua. Isugue, ipake nta, iache itawale.

Hatua ya 7: Ukuta mmoja kwanza

Usipake nyumba nzima. Paka ukuta mmoja, ukae nao mwezi. Chagua ukuta unaotazamana na dirisha, kwa sababu huo ndio unaopokea mwanga. Ukuta wenye dirisha lenyewe huwa gizani mchana, na rangi yoyote nzito hapo itaonekana nyeusi.

Nunua kopo dogo kabisa, paka kiraba cha nusu mita kwa nusu mita, mikono miwili (yaani tabaka mbili), ukitazame asubuhi, saa nane mchana, jioni na usiku. Usiku ndio unaoamua. Balbu za mwanga mweupe huifanya damu ya mzee ionekane ya zambarau na rangi ya maziwa ionekane ya kijivu. Balbu ya mwanga wa njano huzirudisha. Kubadilisha balbu moja ni rahisi kuliko kubadilisha ukuta, kwa hiyo jaribu balbu kabla ya kulaumu rangi.

Kiasi cha rangi: lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, kwenye plasta laini. Ukuta wa upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7 una mita za mraba 8.1. Kwa mikono miwili ni 16.2, yaani lita 2 hivi. Galoni ya lita 4 itakuachia za kutosha kwa kazi nyingine ndogo. Kwa kuta zote nne za chumba cha mita 3 kwa 3, ukitoa mlango na dirisha, panga lita 6 hadi 7. Plasta mbichi au yenye mchanga mwingi hunywa zaidi, kwa hiyo ipigwe rangi ya msingi kwanza. Fundi akikutajia ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja, mwombe mpige hesabu pamoja.

Andaa ukuta: ondoa rangi iliyobanduka, piga msasa, osha, na kama kuna ukungu mweusi wa unyevu, uoshe kwa dawa ya klorini kisha usubiri ukauke kabisa. Huku pwani haraka ya siku moja huonekana baada ya mvua ya kwanza.

Ule mstari wa nyumba za udongo unafaa hapa. Paka sehemu ya chini, kama mita 1 kutoka sakafuni, rangi nzito ya ugoro au damu ya mzee, na juu rangi ya maziwa. Mikono ya watoto na migongo ya viti haitaonekana, na unanunua kiasi kidogo tu cha rangi nzito, ambayo mara nyingi ndiyo ghali. Wengi hutumia rangi ya mafuta sehemu ya chini ili ipanguswe. Ni sawa kwenye ukuta mkavu. Kwenye ukuta unaopandisha unyevu kutoka ardhini, rangi ya mafuta huzuia maji yasitoke na itavimba malengelenge.

Hatua ya 8: Chokaa, kwa kuta za zamani na mifuko midogo

Kwa nyumba ya mawe, ya udongo, au yoyote inayovuta unyevu, chokaa ni bora kuliko rangi ya dukani, na bei yake ni nafuu zaidi. Inaruhusu ukuta upumue. Haishiki juu ya rangi ya maji ya dukani au ya mafuta, kwa hiyo ukuta uwe mtupu au uwe umewahi kupakwa chokaa tu.

Vaa glovu na miwani; chokaa huunguza, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali. Mimina chokaa kwenye maji, sio maji kwenye chokaa, koroga hadi iwe uji mzito, funika, uiache ilale usiku. Kesho yake ongeza maji hadi iwe nyepesi mfano wa maziwa, chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta kwa maji safi, kisha paka tabaka nyembamba, tatu au nne, kila moja baada ya iliyotangulia kukauka. Ukiipaka, mwanzoni utaona kama hujapaka kitu, ukuta unaonekana tu umelowa. Weupe unakuja inapokauka, na unazidi kwa siku kadhaa kadiri chokaa inavyokutana na hewa. Ukipaka nene kwa kukosa subira itapasuka na kubanduka. Wengine huongeza chumvi. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari siishauri, maana chumvi huvuta unyevu na ukuta una chumvi ya kutosha tayari.

Ukitaka rangi, tumia zile zinazovumilia chokaa: oksaidi nyekundu au ya njano ile ya kusakafia. Anza na kidogo sana, usizidishe sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Changanya oksaidi na maji kwanza pembeni, chuja, ndipo umimine. Paka kiraba, subiri kikauke siku nzima, kwa sababu rangi ya chokaa ikikauka hupauka mno kuliko ilivyokuwa ndooni. Changanya ya ukuta mzima kwa mara moja. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Kwa weupe unaong'aa, buluu ya unga ya kufulia, kidogo tu, huondoa ule unjano.

Hatua ya 9: Kwa aliyepanga

Mwenye nyumba akikataa rangi, tumia vitambaa. Doti moja ya kanga ina vipande viwili, kila kimoja karibu mita 1.5 kwa 1.1. Kimoja kiwe pazia la mlangoni, kingine kitundike ukutani kwa ufito uliopitishwa kwenye upindo wa juu. Usikate kanga katikati ya mji wake (ile sehemu ya kati inayozungukwa na pindo), na soma maandishi yake kabla ya kuitundika sebuleni. Mengine yametungwa kwa ajili ya mawifi na majirani, na mgeni atadhani umemlenga yeye.

Kitenge kinafaa kwa foronya na mito, nayo ijazwe sufi kama msufi upo jirani. Kitenge kioshe peke yake mara ya kwanza kwa maji baridi, ukianike kivulini, ndani nje. Kwa mapazia yanayopigwa na jua la asubuhi shona kitambaa cheupe cha ndani. Bila hicho, rangi itapauka kwenye mikunjo na pazia litakuwa na michirizi. Mkeka wa ukili nao usiuache juani. Rangi zake zitapauka.

Nyungo, kawa za kufunikia chakula na vikapu hupendeza ukutani kwa pamoja: nyungo tatu za ukubwa tofauti, zisizolingana kwa kimo, na kawa moja ya rangi kali kati yake. Vikichoka, vishushe virudi kazini jikoni.

Kwa picha, fuata njia ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar es Salaam alianza kuchora kwa rangi ya mafuta inayong'aa kwenye vipande vya mraba vya ubao wa dari. Kipande cha ubao, mabaki ya rangi ya mlango, na mkono wa mtoto wako unayempa nafasi. Usinunue picha ya kuchapishwa.

Ukinunua kinyago cha Kimakonde, hakikisha ni mpingo na sio mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito, ukiuweka majini unazama. Tazama chini ya kitako: mara nyingi utaona sehemu ya njano hafifu ya nje ya gogo ikikutana na weusi wenye uzambarau wa ndani. Kiweke mbali na jua na upepo wa dirishani kisipasuke. Weusi wake ukikaa mbele ya chokaa nyeupe, chumba hakihitaji pambo jingine upande huo.

Hatua ya 10: Mabaki

Rangi iliyobaki usiiache kwenye ndoo kubwa yenye hewa nyingi. Hamishia kwenye chupa au kopo dogo linalojaa hadi juu, funga barabara, andika juu yake ukuta uliopakwa, mwezi, na kiasi cha kila ulichochanganya. Gundisha na karatasi yenye mpako wa rangi yenyewe iliyokauka, ili fundi asibahatishe. Chokaa iliyobaki ifunike kwa maji kidogo juu yake na kifuniko. Haiharibiki, na ikikaa inazidi kuwa laini. Ndoo tupu za plastiki zioshe, zitoboe chini, panda mrehani au asumini uziweke barazani. Kabla ya kuzipaka rangi, rudi kwenye ukurasa ule ule wa daftari ulioutumia ndani, kwa sababu mgeni huona baraza kwanza.